Kisanduku Kati ya Meza na Ampli

Meza ya kuchanganyia sauti ilifika katika ukumbi wa kambi yetu ikiwa ndani ya kreti ya mbao, na tangu siku hiyo hadi siku ya sherehe sikupata hata wiki moja ya amani. Mimi nilikuwa fundi wa simu. Kazi yangu katika kampuni ya shaba ilikuwa kutunza simu za ofisi, za viwanda na za nyumba za wakubwa, na diplomu yangu ilikuwa ndani ya fremu, ukutani sebuleni. Mambo ya ukumbi hayakunihusu. Lakini katika miaka ile ya Zaire, ukishajulikana kwamba unaweza kulehemu waya bila kujiunguza vidole, ukumbi ulikuita, na hungeweza kukataa, maana yaliyofanyika ukumbini yalikuwa ya Chama.

Yaliyofanyika yaliitwa animasyo. Kila Jumanne na Alhamisi, saa nane mchana, wafanyakazi na wake za wafanyakazi walikusanyika kucheza na kuimba nyimbo za kukisifu Chama na kiongozi wake. Wanaume waliachiwa kazi mapema, wanawake waliacha mboga ya sombe jikoni. Mke wangu ndiye aliyeanzisha nyimbo, wengine wakaitikia. Hakuomba nafasi hiyo. Msimamizi wa ukumbi alimsikia akiimba kwenye misa Jumapili moja, na Jumanne iliyofuata tukakuta jina lake limebandikwa mlangoni.

Huyo msimamizi alikuwa mtu mfupi, nadhifu, abakosi yake, lile koti la Chama lisilovaliwa na tai, imepigwa pasi hadi mikunjo ya mikono ilisimama kama karatasi. Alimwita kila mtu sitwayen, yaani raia, hata watoto wake wa kuzaa. Hakuwa mtu mbaya. Mke wangu alipougua malaria alituletea machungwa. Lakini alikuwa na imani moja iliyonitesa: aliamini kwamba kifungo cha sauti kimewekwa kwenye mashine ili kizungushwe mpaka mwisho.

Meza mpya ilitoa sauti yake kupitia fishi, plagi kubwa yenye pini tatu. Ampli yetu, mashine ya kukuza sauti, ilikuwa ya lampu za kioo, ya zamani kuliko ndoa yangu, na ilipokea sauti kupitia tundu dogo lenye pini moja katikati na duara la bati kuizunguka, tundu la gramafoni. Tatu upande huu, mbili upande ule. Kitabu kilichokuja na meza kilikuwa cha Kijerumani, na kambini hakuna aliyejua Kijerumani. Msimamizi alikifungua, akapata picha ya ule mshale mdogo unaopima sauti, ukiwa umesimama pale rangi nyekundu inapoanzia. Akakifunga. Kwake yeye, kitabu kilikuwa kimesomwa.

Waya kutoka mezani hadi kwenye ampli ulipita urefu wa ukumbi mzima, kwa sababu msimamizi alitaka meza ikae nyuma, watu waione wakiingia. Ndani ya waya huo mlikuwa na nyaya mbili nyembamba, na wavu wa shaba uliozizungushia zote. Nilikata fishi ya upande wa ampli, nikafikiri kidogo, kidogo mno, nikazisokota zile nyaya mbili pamoja na kuzilehemu kwenye pini ya katikati. Sauti ikafa. Ilibaki kitu chembamba, kama mtu anayesema ndani ya chupa. Nikatenganisha, nikaunga waya mmoja, wa pili nikauacha ukining'inia. Sauti ikaja dhaifu, na chini yake mngurumo wa umeme. Mara ya tatu niliunga waya mmoja katikati, wa pili nikauunganisha na ule wavu. Hapo sauti ilikuja kwa nguvu, msimamizi akapiga makofi, na mimi nikapangusa jasho nikidhani nimemaliza.

Mke wangu akafungua kinywa kuimba, na tukasikia sufuria inakwaruzwa kwa kijiko.

Sijui namna nyingine ya kuieleza. Alipoanza polepole, sauti ilikuwa yake. Alipopanda, pale wimbo ulipohitaji nguvu, ilichanika, ikawa na miiba. Nilikimbia nyuma ya jukwaa nikapunguza ampli. Sauti ikawa ndogo, lakini imechanika vile vile. Nikapunguza tena. Bado. Nikarudi mezani nikashusha huko badala yake, na mchaniko ukaondoka, ila sasa ilibidi ampli ipandishwe ili watu wasikie, na mngurumo ukapanda pamoja nayo kama lori linalosubiri mlangoni. Isitoshe, kila niliposhusha mshale wa meza, msimamizi alikuja kimya nyuma yangu na kuupandisha mpaka kwenye nyekundu.

"Sitwayen, kitabu inasema hivi," aliniambia, kidole kwenye picha.

Majuma matatu yalipita namna hiyo. Kwanza msimamizi alisema opaleri, vile vipaza sauti vya ukutani, zimechakaa, zikaletwa nyingine kutoka ukumbi wa Ruashi. Sauti ikachanika ndani ya hizo pia. Kisha akasema ni mikrofoni. Alipokosa mashine ya kulaumu, akamgeukia mwimbaji. Alimwambia mke wangu, mbele ya kikundi chote, kwamba pengine anasukuma sana, kwamba sauti yake ni ya kanisani na haifai kwa mashine ya kisasa, na kwamba yuko mama mwingine, mke wa mtu wa reli, anayeweza kujaribiwa.

Jioni ile tulikula bukari, ugali wetu, na samaki wakavu waliotoka Kilwa ya kwetu, kule ziwani. Mke wangu hakuzipenda zile nyimbo. Alikuwa akirudi mazoezini na kuvua kitenge cha Chama kama mtu anayevua nguo iliyolowa. Nilidhani angefurahi kuondolewa. Nilisema hivyo, kwa ujinga wangu.

Aliweka tonge chini. "Nyimbo ni yao," akasema. "Sauti ni yangu. Wewe unatengeneza telefone ya bakubwa bote, banasikilizana mpaka Kolwezi. Mimi niko mita tano mbele ya bantu, banasikia bati."

 Nilienda kusimama nje ukutani, nikitazama moshi wa kiwanda, nikiwakasirikia Wajerumani, na msimamizi, na ampli, kila mmoja kwa zamu yake, ila mimi mwenyewe.

Alhamisi iliyofuata sakafu ya ukumbi ilikuwa imetoka kuoshwa. Wanawake walivua viatu. Nilipowasha mashine nilishangaa: mngurumo ulikuwa umepungua karibu wote. Msimamizi alisimama kando akitabasamu, mikono nyuma. Mke wangu akasogea, akashika mikrofoni, akaisogeza mdomoni kama kawaida yake, na hapo hapo akarudi nyuma hatua mbili, kiganja kimefunika midomo. Hakupiga kelele. Alinitazama tu. Alipoondoa mkono, kwenye mdomo wa chini palikuwa na alama ndogo nyeupe.

Nilizima kila kitu. Nilichomoa fishi za umeme, ya meza na ya ampli, nikazifungua kwa bisibisi, na ndani ya zote mbili waya wa ardhi ulikuwa umekatwa kwa koleo, safi kabisa. Waya wa ardhi ndio unaochukua umeme uliopotea na kuupeleka chini. Ukiukata, umeme huo unakaa kwenye bati la mashine, unangojea mtu wa kushuka naye. Siku ile ulimpata mwanamke mwenye miguu mitupu juu ya saruji yenye maji.

Msimamizi hakukana. Alisema wapiga gitaa wa baa moja kule Karavia walimweleza kwamba mngurumo unapita kwenye waya huo. Kisha akaniuliza, bila ubaya wowote, "Na mungurumo uliisha ao haukuisha?"

Hilo ndilo lililonimaliza nguvu. Ulikuwa umeisha. Alikuwa na haki nusu, na kwa hiyo nusu angeweza kuua mtu. Nilimwambia hivyo, kwa sauti kubwa kuliko ilivyofaa kumwambia mtu wa Chama, na ukumbi wote ukatazama sakafu. Kisha nikarudisha nyaya zote mbili mahali pake. Mngurumo ukarudi. Nikamwambia mke wangu kwamba sasa ni salama.

"Wewe kwanza," akasema.

Nikadhani natakiwa kuishika mikrofoni. Nikaishika. Akatikisa kichwa, akagusa mdomo wake. Basi mbele ya watu arobaini, wengine wanafanya kazi ofisi moja nami, nikavua viatu na soksi, nikasimama kwenye maji na kuweka midomo yangu kwenye mikrofoni kama mtu anayebusu msalaba. Mwanamke mmoja kwenye mstari wa nyuma akacheka mpaka akakaa chini. Mke wangu hakucheka. Alihesabu kimya mpaka aliporidhika, akaichukua, akaimba, na sauti ikachanika.

Jumamosi nilibeba mchoro wa nyaya za ampli mpaka mtaa wa Kenya, huko huko mjini kwetu, kwa fundi wa redio mmoja ambaye nilikuwa nikimkwepa kwa miaka. Alikuwa mzee Mwislamu, wazazi wake walitoka Kasongo, na kibanda chake kilikuwa karibu na msikiti. Hakuwahi kukaa darasani hata siku moja. Mimi niliyekuwa na diplomu sikupenda kuonekana pale, na nadhani alilijua hilo, kwa sababu alinikaribisha kwa heshima nyingi kupita kiasi, akanipa kiti na yeye akabaki amekaa juu ya betri kuukuu.

Nilimweleza kila kitu. Alisikiliza akiendelea kufuta vumbi ndani ya redio ya mtu kwa brashi ya rangi. Kisha akauchukua mchoro, akauweka magotini, akaniomba nimwonyeshe sauti inaingilia wapi. Nikamwonyesha. Akaniomba nimwonyeshe kile kifungo ninachopunguzia. Nikakitafuta kwa kidole. Kilikuwa mbele zaidi, baada ya lampu ya kwanza.

"Sasa angalia, mwanangu," akasema. "Sauti inapita kwanza kwenye lampu hii. Ikifika kwenye kifungo chako imekwisha kuchanika. Wewe unapunguza kitu kilichochanika."

Nilikaa nikiutazama mchoro ambao nilikuwa nimeutazama mara ishirini. Aliendelea taratibu. Ampli ile ilitengenezwa kwa gramafoni, alisema, na gramafoni inanong'ona. Meza mpya inasema kwa sauti ya mtu mzima, mara kumi zaidi. Lampu ya kwanza haiwezi kubeba. Dawa ni kupunguza nguvu kabla haijafika pale, mlangoni kabisa mwa ampli, na kuiacha meza iseme kwa nguvu yake yote njiani, ili mngurumo usipate nafasi ya kuifunika.

Niliuliza kuhusu zile nyaya mbili na pini tatu. Hapo ndipo alipoacha brashi.

"Wewe ni mtu wa simu," akasema. "Simu yako inakwenda Likasi kwa nyaya ngapi?"

Mbili. Nilijua ni mbili. Sauti ile ile inapita kwenye zote, mmoja ukisukuma mwingine ukivuta, na mngurumo wa njiani unaziingia zote kwa namna moja, kwa hiyo mwishoni unajifuta wenyewe. Nilikuwa nimefundishwa hilo mwaka wa kwanza, na nilikuwa nikiishi kwa hilo. Ukizisokota pamoja, sauti yenyewe ndiyo inayojifuta. Ukiunga mmoja na wavu upande wa mwisho bila kuweka kitu katikati, umeitupa faida yote na kuunganisha ardhi mbili zinazogombana, na ugomvi wao ndio ule mngurumo. Nilikuwa nimefanya makosa yote matatu ambayo ningemfukuza nayo mwanafunzi, kwa sababu tu fishi ilikuwa ya sura nyingine na niliiona ukumbini, si kwenye nguzo ya simu.

Mzee hakunicheka. Alikataa hata kuchukua chochote, akasema nimsalimie mwimbaji. Nilitembea kwa miguu kurudi kambini, mbali kama kulivyo, kwa sababu nilihitaji muda wa kujikasirikia bila abiria wengine kunitazama.

Vifaa vilikuwa karakanani kwetu tangu zamani. Tulikuwa tumeng'oa santrali ya zamani, mtambo wa kuunganisha simu, na kwenye rundo la vyuma mlikuwa na transfoma ndogo ndogo, kila moja ndani ya kopo lake, zilizokuwa zikipitisha maneno kutoka nyaya mbili hadi nyaya nyingine mbili bila nyaya zenyewe kugusana. Bosi wangu alisaini karatasi nichukue moja. Nikaifunga ndani ya kisanduku cha bati: nyaya mbili za meza zinaingia upande huu, na upande wa pili zinatoka sauti na ardhi ya ampli. Wavu wa shaba niliuunga mwisho mmoja tu. Baada ya transfoma niliweka rezistansi mbili, vipande vya kupunguza umeme, moja njiani ya kupinga, nyingine ya kurudisha nguvu iliyozidi, nikabadilishabadilisha mpaka lampu ya kwanza ikapata sehemu ya kumi tu ya kile meza ilichokuwa ikitoa.

Jumanne nilikiunga kabla ya watu kufika. Mngurumo: hakuna. Mshale wa meza kwenye nyekundu, kama Wajerumani walivyotaka. Nikasema maneno mawili kwenye mikrofoni na nikaisikia sauti yangu mwenyewe, kavu, ya mtu anayehitaji usingizi.

Msimamizi akaingia, akakiona kisanduku, akauliza namba yake.

Sikuelewa. Akanieleza. Kila mashine ya ukumbi ilikuwa na namba ya rangi nyeupe, nayo imeandikwa kwenye daftari la vifaa. Kisanduku hakikuwa na namba, kwa hiyo hakikuwa mali ya ukumbi, kwa hiyo hakiwezi kuunganishwa na mali ya ukumbi. Ili kipate namba, lazima kiwe na karatasi ya kununuliwa. Nilimwambia hakikununuliwa, kimetoka kwenye takataka. Akasema takataka haziwezi kuandikwa daftarini. Nilimwomba asikilize sauti tu. Akasikiliza. Akakubali kwamba ni nzuri, nzuri sana, akanipa mkono. Kisha akakichomoa kwa mikono yake, kwa uangalifu, akakiweka juu ya kiti, na kuniomba niunge kama zamani.

Sherehe ya Chama ilikuwa Jumamosi hiyo, na komiseri wa mkoa alikuwa anakuja. Niliandika barua mbili. Nilienda ofisi ya personeli, ya mambo ya wafanyakazi, nikaambiwa nirudi. Nilirudi, nikaambiwa mhusika yuko Likasi. Mke wangu alikuwa akiniuliza kila jioni kama kisanduku kimepata namba, kwa sauti ile ile ambayo angeuliza kama mtoto amepata homa.

Ijumaa niliacha kuandika barua. Nilimwambia msimamizi kwamba ampli inahitaji kusafishwa vumbi, jambo ambalo lilikuwa kweli, na akanifungulia mlango. Nilitoa transfoma na rezistansi zangu kwenye kisanduku, nikazifunga ndani ya tumbo la ampli, mahali palipokuwa na nafasi tangu ilipotengenezwa, nikaondoa tundu la gramafoni na kuweka la pini tatu. Nikarudisha kifuniko na skurubu zote. Nyuma ilikuwa bado ina namba yake nyeupe. Msimamizi alikuja kukagua, akalinganisha namba na daftari, akatia alama. Tulipeana mikono.

Siku ya sherehe kulikuwa na viti vyekundu mbele na joto la bati juu. Mke wangu alianzisha wimbo wa kwanza na ukumbi ukamsikia yeye, si sufuria. Nilikuwa nyuma karibu na meza. Sikutegemea ingenigusa, maana maneno ya wimbo nilikuwa nimeyachoka kama watu wote, lakini alipopanda pale pagumu na sauti ikapanda naye, nzima, ilibidi nijifanye natazama waya sakafuni. Katikati ya wimbo wa pili alikuja mtu kutoka viti vya mbele kusema kwamba sauti ni ndogo. Msimamizi akakimbia nyuma ya jukwaa, na nikajua mkono wake unakwenda kwenye kifungo cha ampli. Sauti ilikua, ikajaza ukumbi, ikabaki safi. Nikashukuru kwa ajili ya zile rezistansi mbili kuliko nilivyoshukuru kwa mambo makubwa zaidi maishani.

Mwezi uliofuata msimamizi alipata barua ya pongezi kwa kuichagua meza bora. Aliniita aisome mbele yangu, na aliisoma kwa furaha ya kweli, akitaka nifurahi naye. Nilisema nimefurahi.

Lakini jioni ya sherehe yenyewe, tulipofika nyumbani, nilikuwa nimekaa nikingojea neno moja. Mke wangu alivua kitenge, akakikunja, akakaa kitandani akisugua nyayo.

"Ulisikia mwisho ya wimbo ya pili?" akaniuliza.

Nikasema nilisikia, ilikuwa nzuri.

"Ninashuka. Ile noti ya mwisho, ninashuka chini kidogo. Wiki hizi zote nilikuwa nafikiri ni mashine yako." Alinitazama kana kwamba nimemfanyia ubaya. "Sasa bantu bote banasikia."

Nikasema mimi sikusikia kosa lolote. Akasema ndiyo maana niko wa simu. Kisha akaimba ile noti, polepole, akasimama, akaimba tena, na mimi nikalala na viatu vyangu miguuni huku akiitafuta.